Mwanga Una Upande

Katika kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma, upande wa kushoto ukikaribia madhabahu, kuna kikanisa cha pembeni ambacho ndani yake huwa giza hata saa sita mchana. Kutani mwake mna picha tatu kubwa za rangi za mafuta, na kwa miaka mingi mgeni aliyetaka kuziona alitumbukiza sarafu katika kisanduku kilichowekwa kando. Taa huwaka. Watu husogea, hunyoosha shingo, hunong'ona. Kisha taa huzimika bila kuaga, na kila mmoja hubaki akimtazama jirani yake: nani atatoa sarafu ya pili? Mkenya hahitaji kuelezwa hali hiyo. Ni mita ya tokeni kabisa, ila hii inawaangazia watakatifu.

Kinachonichekesha ni kwamba picha ya kushoto, ile inayowavuta wengi, inamwonyesha mtoza ushuru akiwa kazini. Unalipa ili umwone mtu anayepokea malipo.

Inaitwa Wito wa Mathayo Mtakatifu. Michelangelo Merisi, ambaye dunia inamjua kwa jina la mji wa wazazi wake, Caravaggio, aliichora kati ya 1599 na 1600, akiwa hajatimiza miaka 30. Fedha zilitoka kwenye mali ya kadinali Mfaransa, Matteo Contarelli kama Waitalia walivyomwita, aliyefariki mwaka 1585 na kuacha maagizo kwamba maisha ya mtakatifu mwenye jina lake yachorwe humo. Turubai inazidi mita tatu kila upande, kwa hiyo watu waliomo ni wakubwa kama sisi tunaowatazama.

Wanaume watano wako mezani. Usitafute kanzu za Galilaya. Wamevaa mahameli, mikono ya nguo ina mistari, kofia zina manyoya ya ndege, na mmoja ana upanga kiunoni, kama vijana wa Roma wa mwaka uleule. Mezani kuna sarafu, daftari na kidau cha wino. Kulia wamesimama wawili waliofika sasa hivi, miguu mitupu: Yesu na Petro. Yesu amenyoosha mkono. Bwana mmoja mwenye ndevu ameelekeza kidole kifuani mwake, au pengine anamwonyesha kijana aliyeinama mwishoni mwa meza. Wataalamu wanabishana hadi leo. Kijana mwenyewe hajainua kichwa. Anahesabu. Juu ya bega lake mzee mwenye miwani naye amezikodolea macho sarafu zilezile.

Sasa tazama dirisha. Lipo ukutani, kubwa, juu kidogo ya mkono wa Yesu, na halitoi mwanga hata chembe. Mwanga unaingia kutoka kulia juu, nje ya picha, mahali tusipopaona. Unapita juu ya kichwa cha Yesu, unaukata ukuta mshazari, unawaangukia walioketi. Yesu mwenyewe karibu mwili wote umo gizani. Tumeachiwa upande wa uso na ule mkono. Na anayesimama katika kikanisa chenyewe hugundua kwamba mwanga uliochorwa unatoka upande uleule lilipo dirisha la kweli, juu ya madhabahu. Mchoraji alipima chumba kwanza, kisha akachora.

Mtu aliyezoea Bonde la Ufa ana mwanga mwingine kichwani. Jua la saa sita kule Olkaria, penye visima vya mvuke kusini mwa Ziwa Naivasha, halimbagui mtu. Linawaangukia pundamilia, wahandisi, watalii waliokodi baiskeli na wachungaji wa mbuzi, wote sawasawa, na kivuli cha mtu hujikunja chini ya nyayo zake. Taa haiko hivyo. Anayewasha taa ameshaamua aiweke wapi, ielekee wapi, na nani akae mbele yake. Caravaggio hakuvumbua giza katika uchoraji. Leonardo alilishughulikia karne moja kabla yake. Lakini Leonardo alilainisha mpaka, akatia moshi kati ya panapoonekana na pasipoonekana, hata usijue kimoja kimeishia wapi. Caravaggio aliufanya mpaka uonekane. Ni kama alisema: hapa pana mwanga, hapa hapana, na aliyeamua ni mimi. Ninauheshimu ukweli huo kuliko hata ufundi wake wa kuchora mikono.

Ufundi wenyewe ulikuwa na gharama zake. Mwaka 1605 mwanamke aliyempangishia nyumba alimshtaki kwa kodi ambayo haikulipwa na kwa dari ambayo mpangaji alikuwa ameivunja. Wengi wanaamini aliivunja ili mwanga umfikie kutoka juu kama alivyoutaka. Mwenye nyumba yeyote wa Nakuru angempeleka kwa chifu siku hiyohiyo. Mwaka uliofuata alimuua mtu katika ugomvi, akakimbia Roma, na mwaka 1610 akafa akiwa safarini kurudi. Hakuwa mtu wa kuigwa, na sitajaribu kumsafisha kwa sababu ya picha zake.

Ila tuangalie alikoielekeza taa. Kwa ajili ya madhabahu ya kikanisa kilekile alichora Mathayo akiandika Injili: mzee mnene mwenye miguu mitupu, mguu mmoja umenyooshwa kumwelekea anayetazama, na malaika amemshika mkono kumwongoza, maana maandishi yenyewe yanaonekana kumshinda. Wenye kanisa waliikataa. Mtakatifu gani ana miguu ya mkulima? Alichora nyingine ya heshima zaidi, ndiyo iliyopo hadi leo. Ile ya kwanza ilinunuliwa na tajiri mpenda sanaa, Vincenzo Giustiniani, baadaye ikafika Berlin, na mwaka 1945, vita vilipokuwa vinamalizika, ikateketea. Imebaki katika picha za kamera zisizo na rangi. Miaka michache baada ya kukataliwa huko alirudia kosa lilelile, kama ni kosa: katika kanisa la Sant'Agostino aliwachora mahujaji wawili maskini wamepiga magoti mbele ya Bikira Maria, na kitu kilicho karibu kabisa na macho ya anayetazama ni nyayo chafu za mmoja wao. Giovanni Baglione, mchoraji aliyekuwa hasimu wake, aliandika kwamba watu wa kawaida walizua kelele kubwa juu ya picha hiyo. Naweza kuwazia. Ni mara ngapi walikuwa wameona nyayo zao wenyewe juu ya madhabahu?

Si wachoraji wote wa zama hizo walioielekeza taa huko, na sisi tunaotazama tukiwa Afrika tuna sababu yetu ya kuliangalia jambo hili kwa makini. Mwaka 1623, huko Genova, Anthony van Dyck alimchora mke wa tajiri, Elena Grimaldi, akitoka nje kwa madaha. Nyuma yake kuna kijana Mwafrika aliyeinua mwavuli mwekundu. Kazi ya kijana ndani ya hadithi ya picha ni kumkinga bibi na jua. Kazi yake ndani ya uchoraji ni nyingine: ngozi yake imewekwa pale ili ya bibi ing'ae zaidi. Ametumiwa kuwa kivuli. Picha iko Washington, ni nzuri mno, na uzuri huo haupunguzi neno langu. Wachoraji wengi wa Ulaya walifanya hivyo, kijana mweusi pembezoni na sinia la matunda au mbwa au mwavuli, hata ikawa desturi isiyohitaji kufikiriwa.

Rembrandt alikuwa jirani wa Waafrika. Katika mtaa wa Amsterdam alikoishi kulikuwa na jamii ndogo ya watu weusi walio huru, na mwaka 1661 alitia sahihi picha ya wanaume wawili Waafrika iliyopo leo katika jumba la Mauritshuis mjini The Hague. Hawajashika sinia. Hakuna bibi wa kung'arishwa. Mmoja anazungumza au yu karibu kuzungumza, mwingine ameegemea bega lake kwa uchovu au kwa mapenzi, na mwanga mdogo aliokuwa nao mchoraji ameumaliza kwenye nyuso zao. Rangi ni chache, kahawia na kijivu tupu. Giza lililowazunguka si dogo kuliko lile la Genova. Tofauti imo katika swali la nani yumo humo kwa ajili ya nani.

Nimesema kahawia. Wachoraji hawa hawakuanza na turubai nyeupe. Caravaggio alipaka kwanza rangi nzito ya kahawia kila mahali, na sehemu nyingine za kivuli ni ule msingi wenyewe, ulioachwa bila kuguswa. Mwanga ndio uliowekwa baadaye, mkono kwa mkono, shavu kwa shavu. Kwa hiyo giza la picha halikutokana na mwanga kuondolewa. Lilitangulia, na mwanga ukajengwa juu yake. Na rangi zenyewe kwa sehemu kubwa zilikuwa udongo: udongo wenye chuma, mwekundu, wa manjano na wa kahawia, uliosagwa na kuchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani.

Udongo wa namna hiyo tunao. Olkaria mvuke umepika miamba kwa maelfu ya miaka hadi ikawa udongo mwekundu, na Wamaasai wameuchota kwa vizazi wakajipaka. Na pwani yetu wapo waliouchorea ukutani katika karne ileile ya Caravaggio. Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano, mji alikozaliwa Caravaggio. Baadaye, katika karne ya 17, askari wa Kireno waliokuwa zamu humo walichora merikebu na watu ukutani, wakitumia masizi na udongo mwekundu. Hawakuwa wasanii. Walikuwa watu waliochoka na mbali na kwao, na walichokuwa nacho ni cheusi cha moto na chekundu cha ardhi. Ukuta huo umehifadhiwa hadi leo.

Turudi Olkaria. Safari ya kwenda huko kutoka Nairobi, ukifuata barabara ya chini, inapita kwenye kanisa dogo la Mai Mahiu lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitalia mwaka 1942 walipokuwa wakiichonga barabara hiyohiyo kwenye ukingo wa Bonde. Madereva wengi hawalioni. Macho yao yako kwenye breki. Halafu tambarare, Naivasha, mashamba ya maua, lango la hifadhi ya Hell's Gate, mnara wa mwamba wa Fischer, na mbele yake mabomba. Yanapita vilimani kilomita kwa kilomita, yanang'aa, na mahali pengine yamenyanyuliwa ili twiga wapite chini yake. Mawe meusi yanayometameta njiani ni kioo cha volkano, ambacho watu wa kale walichonga kuwa visu maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kufikiria stima.

Nenda usiku ukiweza. Mchana mvuke wa Olkaria ni wingu tu kati ya mawingu. Usiku taa za mitambo zinaupiga kutoka chini na upande mmoja, mweupe ajabu, unajikunja na kupanda, na hatua chache nje ya taa hakuna kitu. Kilima kimeisha. Mti uliouona saa kumi na mbili jioni haupo. Ni nafasi isiyo na kina ambayo mchoraji wa karne ya 17 angeitambua mara moja, na mtu aliyevaa kofia ya usalama, akipita kati ya bomba na bomba, anaonekana nusu uso.

Visima vinavyochimbwa huko vinateremka hadi karibu kilomita tatu, mahali penye joto linalozidi nyuzi 300. Mvuke hutenganishwa na maji, huzungusha mtambo, na maji hurudishwa ardhini. Mwaka 1956 vilichimbwa visima viwili vya majaribio vikashindwa kutoa cha maana, watu wakaondoka. Kazi ikafufuliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kuzalisha. Kufikia 1985 ilikuwa mitambo mitatu na megawati 45. Mwaka 2014 kituo cha Olkaria IV peke yake kilizinduliwa kikiwa na megawati 140. Leo karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhini, na sehemu kubwa ya mvuke huo ni wa hapa. Mataifa mengi yaliyotuzidi kwa mali yanatuonea wivu kwa hilo, na yana haki. Ni stima isiyohitaji mvua wala meli ya mafuta. Ninayaandika haya kwa mwanga wake, kwa hiyo sina mahali pa kusimama nje ya picha.

Kutoka Olkaria nyaya zinakwenda Suswa na kutoka Suswa zinakwenda mbali. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipozimika, wengi tuliuliza stima imekwenda wapi. Inatoka wapi ni swali tunaloliuliza mara chache zaidi.

Inatoka kwenye malisho. Mwaka 1904 Wamaasai walitia alama kwenye mkataba na serikali ya Mwingereza, wakahamishwa kutoka sehemu hizi za Bonde ili kupisha reli na walowezi, wengine kaskazini hadi Laikipia, wengine kusini. Mwaka 1911 wa Laikipia nao wakahamishwa. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 waliambiwa kwamba mkataba ule ulikuwa jambo la dola na dola, mahakama haiwezi kuuingilia. Hata hivyo watu walirudi, au hawakuondoka kabisa, na vijiji vikaendelea kuwepo kati ya vilima vya Olkaria, mbuzi wakinywa, watoto wakizaliwa. Hifadhi ya Hell's Gate ilipotangazwa mwaka 1984 ulikuwa mstari mwingine kwenye ramani.

Kwa ajili ya Olkaria IV vijiji vinne vilihamishwa mwaka 2014. Mradi ulikuwa na mkopo wa Benki ya Dunia na wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Wahamishwaji walipewa ardhi ya ekari 1,700, wakajengewa nyumba za mawe, shule na zahanati, na mahali pakaitwa RAPland, jina lililotokana na mpango wa uhamisho wenyewe. Sitaki kuyadharau haya. Katika historia ya uhamisho wa watu Kenya, mtu kuhama na kukuta nyumba imesimama si jambo la kawaida. Waulize waliotolewa misituni. Lakini mwaka uleule wa 2014 wanajamii waliandika malalamiko kwa wakopeshaji: makorongo katika ardhi mpya, barabara, hati ya umiliki, na kituo cha utamaduni ambacho watalii walikuwa wakikitembelea na kuacha fedha. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia likaja, likasikiliza, na mwaka 2015 likatoa ripoti. Miongoni mwa mambo lililoyaona ni kwamba sera ya benki juu ya jamii za wenyeji wa asili haikutumika ilipostahili, kwamba mashauriano hayakufanywa vya kutosha kwa Kimaasai, na kwamba wazee, ambao kwa desturi ndio wangekaa kitako na kuamua, waliwekwa pembeni. Upatanishi ulifuata, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2016.

Jambo la lugha ndilo lililonishika. Hakuna mtu aliyewaficha wazee. Mikutano ilifanyika mchana, kwenye jua lile lisilobagua, watu wameketi kwenye viti, karatasi zimegawanywa. Kila kitu kilikuwa wazi. Na mzee aliyekuwa pale mbele, akionekana na kila mtu, alikuwa kivulini kabisa, kwa sababu maneno yalikuwa yakimpita juu ya kichwa. Tunapenda kufikiri kwamba giza ni kitu kinachofanywa usiku na watu wabaya. Mara nyingi ni kazi ya mtu mwema aliyeweka taa mahali pake pa kawaida, kisha akaanza kusoma ajenda.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Olkaria mgeni amekuja na mashine za kila aina, na mwenyeji bado anahesabiwa. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 imeweka hesabu hiyo katika maandishi: katika mrabaha wa jotoardhi, asilimia 75 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti, na 5 ya jamii ya mahali penyewe. Unaweza kubishana kama tano ni nyingi au ni chache. Mimi naona ni chache, na naona pia kwamba kabla ya sheria hiyo jamii haikuwa na nambari yoyote. Kaunti ya Nakuru nayo imekuwa ikidai chake. Karibu na sisi kuna meza kama ile ya Roma, watu wameinama, na mkono umenyooshwa kutoka upande ambao dirisha haliko.

Nirudi kwa wale wanaobishana Mathayo ni yupi. Kwa karne nyingi ilichukuliwa kuwa ni bwana mwenye ndevu, anayeuliza kwa kidole, mimi? Tangu miaka ya 1980 wapo wanaosema hapana: kidole kinamwonyesha kijana, bwana yule ni mlipa kodi tu aliyeleta fedha zake, na Mathayo ni huyu aliyeinama, uso nusu gizani, ambaye bado hajajua kuna mtu mlangoni. Wa upande wa kwanza wana hoja nzito. Katika zile picha nyingine mbili za kikanisa kilekile Mathayo ana ndevu, na anafanana na bwana yule. Wakipeleka kesi mahakamani nadhani wanashinda.

Mimi hata hivyo namtaka kijana. Mwenye ndevu ameshainua kichwa, mwanga umeshamkuta, na hata akikataa atakuwa amekataa akijua. Ikiwa yeye ndiye aliyeitwa, basi kijana na mzee wa miwani wanabaki na sarafu zao, hawakuulizwa kitu, na mwanga umewapita ukielekea kwa mtu mwingine. Sipendi hilo. Luka, anayemwita Lawi, anasimulia kwamba mtoza ushuru huyo aliacha vyote, kisha akafanya karamu kubwa nyumbani kwake na watoza ushuru wengi wakaja kuketi. Mchoraji Veronese aliichora karamu hiyo mwaka 1573, au tuseme aliipa picha yake jina hilo baada ya wakuu wa kanisa kumbana kwamba haifai kuitwa Karamu ya Mwisho. Meza imejaa, wapo mbwa, wapo vibete, wapo watumishi Waafrika, mwanga ni wa mchana kila mahali. Nimewatafuta humo kijana na mzee mwenye miwani, ingawa ninajua vizuri kwamba ni picha ya mtu mwingine na mji mwingine, miaka 26 kabla yao.